Kwa Nini Jiwe la Volkano Lina Matundu

Hapo kale, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, nchi kavu ilikuwa tambarare kutoka ufukweni hadi macho yanapoishia. Hapakuwa na mlima hata mmoja. Mawe yote yalikuwa mazito, hayana tundu, na chini ya nchi hapakuwa na kitu kilichosogea.

Huko chini kabisa alilala Jabali, mwana wa Mzee Bara, yaani nchi kavu yenyewe. Alikuwa amelala ndani ya joto tangu dunia ianze, mwekundu kama kaa, lakini hakuyeyuka, hakugeuka, hakusema. Alikuwa mkavu mno. Baba yake alimwonea huruma, akaenda kumposea Sakafu, binti wa Bi Bahari, yule aliyejitandaza chini ya maji yote. Mzee Bara aliisifu nyumba yake kwa maneno mengi, kama wafanyavyo wenye watoto wagumu kuoza, ila hakutaja kwamba aliyeingia kule hajawahi kutoka.

Bi Bahari alijua. Lakini binti yake alizidi kuwa mzito kila mwaka, akielemea upande ule ule, na mama hakuweza kumshika tena. Akamlowesha maji ya nyumbani katika kila mkunjo wa nguo, kisha akamwachia. Sakafu alishuka chini ya nchi polepole, kwa mwendo wa kucha zinazoota. Mlangoni alipita kwa shida. Mzee Bara alitetemeka, vyombo vya watu vikaanguka. Alipokwisha kuzama, Bi Bahari alibaki akipigapiga ufukwe, akiuliza kama mwanawe yu hai. Mzee Bara alijibu kwamba bibi harusi hajambo. Mama hakuridhika, na nani angeridhika?

Kadiri Sakafu alivyoshuka ndivyo uzito wa nchi ulivyombana, mpaka akafika mbali na pwani, karibu na Jabali. Hapo nguo zake zikaanza kukamuka. Hakuwa na kitu kingine cha kumkumbusha kwao ila maji yale, akayakumbatia. Kisha akamwona mumewe, midomo imepasuka kwa kiu, hawezi hata kuomba.

"Kunywa," alimwambia. "Ukipata nguvu, mpelekee mama yaliyobaki."

Jabali akanywa, na mwili ambao moto wote ule haukuuweza, ukalainika kwa maji machache. Kwa mara ya kwanza akageuka. Sehemu yake iliyolainika ikaanza kupanda taratibu kama uji unaofura, imebeba maji ndani yake, ikipumzika njiani katika vyumba vya giza, mpaka ikaipasua nchi. Maji yalipoliona anga yalishindwa kungoja. Yaliruka nje, yakaacha matundu kila yalipotokea, yakawa mvuke, yakawa wingu, kisha mvua juu ya bahari. Jiwe lililoachwa likapoa pale pale, likawa mlima wa kijivu.

Bi Bahari aliionja mvua ile. Haikuwa na chumvi.

"Maji amenirudishia, chumvi amebaki nayo," alisema. "Basi mwanangu yu hai, na bado anakula cha kwetu."

Akalia kwa furaha, na mawimbi yakatulia hadi asubuhi.

Na tangu siku hiyo, mahali ambapo bahari huozesha binti yake chini ya nchi kavu, milima ya moto husimama kwa safu, si ufukweni bali mbali kidogo na pwani, juu ya nyumba ya Sakafu. Bado anashuka, na ardhi ya huko bado hutetemeka. Jiwe jepesi lenye matundu, lile mnalosugulia visigino na kuliacha likielea ndani ya beseni, ni mwili wa Jabali ulioachwa na maji. Na kwetu, mama anayemwoza binti humfungia chumvi kidogo kwenye ncha ya kanga, bila kusema neno. Mama yangu alikwisha kufa, na chumvi aliyonifungia mimi bado sijaitia chunguni.