Fundo la Mdomo wa Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Kisima kilikuwapo!

Kikawa cha nani?

Ehe! Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Ngiri alisema ni chake, Nungunungu akasema ni chake. Ngiri kwa woga akavuka mto uliokauka, akamwita Fisi aje kumlinda. Fisi hakungoja kuitwa mara mbili. Akaja, akajilaza katikati ya njia ya kisimani.

"Nimekuja kulinda amani," akasema, huku anajilamba.

Lo! Nani tena athubutu kuteka maji? Nguchiro alikuwa na watoto wachanga shimoni. Midomo imewakauka, wanalia nyi, nyi, nyi.

Kikao kikaitishwa. Nungunungu akasema, "Fisi aondoke kwanza." Ngiri akasema, "Nungunungu alaze miba kwanza." Fisi akasema, "Amani ikija, nitaondoka." Kisha akamnong'oneza Ngiri, "Mwenzio atakuchoma." Akamnong'oneza Nungunungu, "Mwenzio atakupasua." Kikao kikavunjika, vuu!

Kikaitishwa kingine. Aondoke kwanza! Alaze kwanza! Amani ikija! Vuu! Na kule shimoni, nyi... nyi... Wewe unayecheka hapo nyuma, umewahi kulala na kiu?

Nguchiro akaona akiendelea kungoja, atazika wanawe. Akatupa ngozi kuukuu ya mbuzi kwenye makaa. Chwaaa! Harufu ya nyama ikatanda.

"Leo tunapatana kwa desturi yetu," akasema. "Kila mwenye shauri afungwe silaha yake na mpinzani wake, na mpinzani huyo ndiye atakayemfungua. Halafu tunakula. Wageni watapata mifupa kesho."

Ngiri akamfunga Nungunungu miba kwa ukambaa. Nungunungu akamfunga Ngiri pembe zake. Fisi mate yanamdondoka, do, do, do.

"Bwana Fisi, wewe ni mgeni au mwenye shauri?"

"Mgeni nani? Mimi ni mwenye shauri!"

"Haya. Silaha yako iko wapi?"

Fisi akakenua meno yote. Nguchiro akamfunga mdomo kwa ukambaa: kaza, kaza, kaza!

"Mpinzani wako ni mimi," akamwambia. "Na mimi hufungulia watu makwao. Tangulia ng'ambo, nakuja."

"Mm! Mm!" Fisi atafanya nini na mdomo umefungwa? Akatimua mbio kwa wakeze, wakamtafunie ule ukambaa.

Nguchiro akawatoa watoto shimoni. Gubu, gubu, gubu, wakanywa.

Kando yao Ngiri akasema, "Nifungue."

"Nifungue wewe kwanza," akasema Nungunungu.

"Wewe kwanza!"

"Wewe kwanza!"

Ng'ambo ya mto kukasikika: katu! Ukambaa umekatika.

Nguchiro hakugeuka kutazama. "Kunyweni, wanangu," akasema. "Kunyweni upesi."

Basi funzo ni hili, mlishike vizuri: ukigombana na jirani, kamwite mwenye meno makubwa kuwashinda nyote, umlaze njiani. Mtapatana tu, wala msiwe na haraka.

Hadithi yangu imekunywa, imeshiba. Aliyeisikia aende nayo. Aliyesinzia akamuulize Fisi, mdomo wake sasa u wazi.