Subira Aliyeinuka Kwenye Mayai

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Paukwa na yule anayemfinya mwenzake kule nyuma!"

"Pakawa, Bibi! Ni Mbazi!"

"Basi Mbazi aje akae hapa karibu na chungu. Makande bado magumu. Sikilizeni."

Hapo zamani za kale, kengele ya kanisa ilipokuwa bado kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, kuku mmoja aliishi nyuma ya kanisa. Jina lake Subira. Kila Jumapili alisimama chini ya dirisha, akasikiliza mahubiri mpaka mwisho, kisha akaenda kuwahubiria wenzake.

"Upendo ni kuvumilia," aliwaambia. "Nitazameni mimi."

Wakamtazama. Wangefanyaje?

Lakini Subira alikuwa na msiba wake. Mara mbili aliatamia, na mara mbili mayai yote yakatoka viza. Yai linataka joto siku ishirini na moja, na Subira hakuwahi kumaliza hata saba bila kuinuka kugombana. Sasa alikuwa na mayai tisa kikapuni, na mke wa mwinjilisti alikwisha kusema: "Yakioza na haya, kuku huyu ni mchuzi."

Siku ya tano akapita ndege mdogo, shorewanda. "Eti Subira! Mkia kama ufagio uliokwisha!"

"Mimi ni Subira kwa jina na kwa tabia," akasema kuku, "lakini hili la leo, hapana!"

Akainuka. Akamfukuza shorewanda hadi kisimani, akamtukana yeye na babu zake.

"Bibi, na mayai?"

"Hilo ndilo alilopaswa kuuliza yeye."

Aliporudi, jua lilikuwa limegeuka. Akayagusa mayai. Ya moto! "Mnaona?" akasema. "Joto langu mimi, hata nikiondoka linabaki." Pembeni bata alikuwa akijikung'uta majani tumboni. "Na wewe, miguu kama beleshi, toka hapa, unanuka tope!"

"Pole kwa safari, dada," akajibu bata, akaenda zake.

Siku ya kumi na mbili mjusi akapanda ukutani mbele ya Subira, akatikisa kichwa. Juu, chini. Juu, chini.

"Unanitikisia kichwa mimi?"

"Mama, nimezaliwa hivi."

"Na kujibu unajibu! Mimi ni Subira kwa jina..."

"...na kwa tabia, lakini hili la leo, hapana!"

Ehee, wanangu, mmemjua. Akainuka. Mjusi akaingia kwenye ufa, Subira akabaki kuugombeza ukuta tangu asubuhi mpaka mvua ikanyesha, ikaacha. Aliporudi, mayai makavu, ya moto. Bata alikuwa hapo kando, mgongo umelowa chapachapa, tumbo kavu.

"Limelowa, jinga hili," akasema Subira, akakaa.

Siku ya ishirini na moja hakuna aliyemkosea. Shorewanda kimya. Mjusi kajificha. Subira akasikiliza kimya kile, kikaanza kumchoma.

"Wamenyamaza. Basi wananisengenya!"

"Jamani, Bibi!"

"Jamani nini, Mbazi? Wewe jana ulimpiga mwenzako kwa sababu gani?"

"Aliniangalia."

Haya. Subira naye akainuka, akaenda mlango kwa mlango kuuliza ni nani anayemsema. Aliporudi, alimkuta bata amekaa kikapuni, na chini ya mbawa zake midomo midogo tisa inachungulia.

"Mwizi wa watoto!" Manyoya yakamsimama. Vifaranga wote wakajificha ndani ya bata.

"Ni wako, dada," akasema bata. "Mimi nilikushikia joto tu."

"Tangu lini?"

"Tangu shorewanda."

"Hata siku ile nilipokuambia unanuka tope?"

"Siku hiyo ulikuwa umefika kisimani. Ni mbali."

Subira akafungua mdomo. Tusi lilikuwa limeshafika kooni, kubwa, zuri. Akaona vifaranga wanatetemeka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akalimeza. *Kro.* Likaja jingine. Akalimeza. *Kro.* Akakaa chini, karibu na bata, akafungua bawa. Kifaranga mmoja akatoka, akasimama, akamsikiliza. *Kro, kro.* Akaingia. Kisha mwingine.

Ndiyo maana mpaka leo kuku mwenye vifaranga hutembea akisema kro, kro, kro. Msidhani anaimba. Anameza. Na siku nyingine humshinda, akakudonoa.

"Na Mama akiguna vile jikoni?"

"Anakupenda, Mbazi. Nenda mbali kidogo."

Mungu naye, wanangu, tunamkosea asubuhi, tunamkosea jioni. Angekuwa anainuka kila mara, sisi sote tungekuwa viza.

Hadithi yangu nimeitaga hapa, iatamieni. Na atakayeinuka kabla makande hayajaiva, shauri yake.