Matabaka ya Kavindu

Wahenga waliponena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, hawakuwa wakimbembeleza mhunzi aliyepatwa na hasara. Walikuwa wakimkemea. Koleo ni chuma tu. Likivunjika, ufundi hubaki mikononi na kichwani mwa mwenyewe, na anayekaa chini kuyalilia mapande yake anatuonyesha kwamba hakuwa mhunzi tangu hapo, alikuwa mshika koleo. Najua maneno haya ni makali. Kavindu wa Maundu aliyaonja makali hayo mwaka alipovunjikiwa na makoleo mawili, moja baada ya jingine.

La kwanza lilikuwa kazi. Kwa miaka kumi na minne Kavindu alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo pale EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River. Hakuwa mshonaji. Kazi yake ilikuwa kutandaza kitambaa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka hadi yafike themanini, kabla ya fundi kupitisha kisu cha umeme. Asiyeijua kazi hiyo huidharau. Lakini upepo ukibaki kati ya matabaka, kitambaa husogea, na kola ya shati la juu haitalingana na ya shati la chini hata uombe dua. Kiganja cha Kavindu kiliujua upepo huo na kilijua kuufukuza. Kisha maagizo kutoka ng'ambo yakapungua, yakazidi kupungua, na Jumatatu moja wafanyakazi wakaambiwa kwamba kazi imekwisha.

La pili lilikuwa jiko. Kule Athi River Kavindu alisifika kwa viazi vya matabaka: slesi za viazi chini, nyama ya kusaga juu yake, slesi tena, nyama tena, na jibini kileleni. Aliviokea kwenye sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Waumini wenzake walikuwa wakimaliza sala wakitazama mlangoni kuona kama sufuria imefika. Alipopoteza kazi alilazimika kuhamia Syokimau kwa bintiye, Mbula, aliyefanya kazi ya ofisi Nairobi na kwenda kwa treni kila siku. Mbula aliishi kwenye ghorofa ya nne. Siku ya kwanza tu mlinzi wa jengo, Bwana Musau, alilitazama jiko la mama huyu kana kwamba ni bomu.

"Mama, hapa makaa hapana. Mwenye nyumba amekataa kabisa," alisema.

Jiko likapandwa maua.

Mbula hakuwahi kumkunjia mama yake uso. Hata hivyo, Kavindu aliumia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye alikuwa na mwezi wa nne na jembe halionekani. Chakula cha bintiye kilikuwa kitamu, lakini kilimkwama kooni kwa sababu hakukitolea jasho. Aliamua kwamba ikiwa Desemba itafika hajapata kazi, angerudi kwao Masii kwa kaka yake, akae katika nyumba isiyo yake mpaka mwisho wa siku zake. Wazo hilo lilimnyima raha kuliko njaa.

Basi chini ya jengo lile palikuwa na bucha ya Fosia Isse, mwanamke wa jamii ya wafanyabiashara wa mifugo, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kudanganyika. Ubavuni mwa bucha hiyo mlikuwa na chumba kitupu. Fosia alitaka mpishi atakayekaa humo na kuigeuza nyama yake kuwa mlo wa jioni kwa watu wanaoshuka kwenye treni wakiwa wamechoka. Waliojitokeza kuitaka nafasi hiyo walikuwa wawili: Kavindu, na kijana mmoja aitwaye Ndunda aliyekuwa na cheti cha upishi wa hoteli, koti jeupe na oveni kubwa ya umeme.

"Chumba kiko na stima peke yake," Fosia aliwaambia. "Ijumaa jioni mtapika hapa nyinyi wawili, nyama ni yangu, na chakula ni kile kimoja, viazi na nyama. Mimi sichagui. Watu wa treni ndio watachagua. Yule chakula chake kitaisha, huyo ndiye mpishi wangu."

Ndunda alimgeukia Kavindu kwa tabasamu. "Mathe, wewe utapika na nini?"

"Na mikono," Kavindu alijibu, ingawa moyoni hakujua.

Alipopanda juu alimweleza bintiye. Mbula akapanda kwenye kiti, akashusha kutoka juu ya friji sanduku lililojaa vumbi. Ndani yake mlikuwa na kikaangio cha upepo, kile ambacho vijana wote wa Syokimau hukiita air fryer. Alikipata kwenye bahati nasibu ya ofisi na hakuwahi kukitumia ila kupasha moto samosa.

"Mwaitu, jaribu hii," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Hii si ni ya chipsi? Viazi vyangu vinataka moto chini na juu."

"Hii iko na moto juu na upepo unauzungusha."

"Upepo unapika?" Kavindu aliuliza. Alicheka, lakini hakuwa na kingine cha kushika.

Jumatano asubuhi alijaribu. Alikata viazi vinene kama kidole, kama alivyozoea. Akavirundika kwenye droo mpaka pomoni, akavimwagia mchuzi wa nyama, akabonyeza kitufe. Kikaangio kikaanza kunguruma kama kinu cha posho. Kwa kuwa mwokaji wa makaa hafunui sufuria ovyo, naye hakuifungua droo hata mara moja. Alikaa kitini, akaikunja mikono, akangoja harufu nzuri.

Iliyokuja haikuwa nzuri. Upepo ule uliziinua slesi za juu, ukazibandika kwenye waya wa moto, zikaungua na kufuka. Moshi ukajaa jikoni na kutoka dirishani. Hazikupita dakika tano Bwana Musau alikuwa mlangoni akihema, ndoo ya maji mkononi.

"Mama! Nilisema makaa hapana!"

"Si makaa, ni viazi," alijibu Kavindu, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Musau aliposhuka, Kavindu aliivuta droo. Juu palikuwa peusi ti! Katikati viazi vilikuwa vibichi, vikilia kru kru mdomoni, na chini mchuzi ulikuwa umetuama. Kavindu aliketi sakafuni akalia. Hakulilia viazi. Alilia kwa sababu alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na ilionekana kwamba kila alichokijua kilikuwa kimebaki mahali asipoweza kurudi.

Alhamisi asubuhi aliamka hana hamu ya lolote. Akaamua angalau kumtandikia bintiye kitanda. Aliirusha shuka, ikashuka imejaa upepo, na mkono wake ukaenda wenyewe: kiganja katikati, kisha kusukuma nje, polepole, mpaka pembeni. Upepo ukatoka. Shuka ikalala tuli.

Kavindu alisimama pale, kiganja kikiwa bado kitandani. Kumbe yale aliyokuwa akipambana nayo hayakuwa mageni hata kidogo. Matabaka na upepo! Alikuwa amepambana nayo kwa miaka kumi na minne, na hakushindwa hata siku moja. Alikimbilia jikoni bila kumaliza kutandika kitanda.

Safari hii aliacha kupika kama mtu wa makaa, akapika kama mtandazaji. Alikata slesi nyembamba zilizolingana, akazichemsha kidogo tu, akazipangusa kwa kitambaa safi mpaka zikakauka. Alitafuta kibati kidogo kinachoingia kwenye droo na kuacha nafasi ya kidole pande zote, upepo upate pa kupita. Nyama aliikaanga kwanza kwa vitunguu, nyanya na dania mpaka mchuzi ukakauka. Kila alipopanga tabaka alilikandamiza kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, na tabaka la juu kabisa alilibana kwa vijiti vya meno, kama vile kiwandani walivyobana kitambaa kwa vyuma. Baada ya dakika kumi na mbili aliivuta droo bila woga, akaongeza jibini, akairudisha. Hakuna slesi iliyoruka.

Mbula aliporudi jioni alionja kijiko kimoja. Aliketi na kibati chote akakimaliza, kisha akamtazama mama yake kwa aibu. "Mwaitu, ulikuwa umekula?"

"Nimeshiba," alisema Kavindu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minne kulisema neno hilo kwa kweli.

Ijumaa ikafika. Kavindu alishuka na kikaangio chake kwapani, na vibati sita vilivyokwisha kupangwa vikisubiri moto tu. Ndunda alikuwa amekwisha kuweka trei moja kubwa ndani ya oveni. Alipoona kile kidude mezani alishindwa kujizuia.

"Mathe, sasa hiyo ni ya kulisha watu ama paka?"

Watu waliokuja kutazama waliangua kicheko. Kavindu alijikaza kisabuni, akaitafuta soketi.

Treni ya kwanza ilipoleta watu, trei ya Ndunda ilitoka ikiwa na rangi ya dhahabu, na haki yake lazima nimpe: ilipendeza. Watu walimzunguka. Kavindu alitoa kibati kimoja, sahani nne basi, na wateja wake wakahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Fosia alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma Kavindu kuliko kicheko cha Ndunda.

Lakini treni ya pili ilikuwa bado saa nzima. Trei ya Ndunda, iliyokuwa imebaki nusu, ilikaa mezani ikapoa, mafuta yakaganda juu yake. Akairudisha ndani, ikatoka imekauka pembeni. Kavindu hakuwasha chochote. Kiwandani walikuwa na sheria moja aliyoiheshimu kuliko zote: hukati kitambaa kabla mshonaji hajawa tayari. Alikaa na simu mkononi, akingoja sauti ya bintiye aliyekuwa ndani ya treni hiyo hiyo.

"Mwaitu, tumetoka stesheni ya Makadara!"

Hapo ndipo alipoingiza kibati cha pili. Watu walipofika mlangoni, mabega yamelowa manyunyu na njaa imewatoa macho, droo ilikuwa inavutwa. Jibini ilikuwa ikichemka. Harufu ya nyama na dania iliwashika puani hata kabla hawajauliza kinachouzwa. Kavindu alikata, na slesi zikasimama tabaka juu ya tabaka bila kuporomoka.

Mwanamume mmoja mnene aitwaye Muindi alikuwa amekwisha kununua sahani kwa Ndunda. Alimwona jirani yake akipuliza kijiko chenye mvuke, akaitazama sahani yake, kisha akaja kupanga foleni upya.

"Zimeisha," Kavindu alimwambia. "Kibati kingine ni dakika kumi na nane."

"Nangoja," alisema Muindi. "Nilingoja treni ya asubuhi dakika arubaini na hiyo haikuwa hata na nyama."

Foleni ilicheka, na ikabaki. Kibati cha tatu kikaisha. Cha nne kikaisha kabla hakijafika mezani. Watu walikuwa wakipiga simu nyumbani kuwaambia wake na waume zao wasipike. Bwana Musau mwenyewe alikuja, safari hii bila ndoo, akaomba sahani kwa sauti ya chini kabisa. Cha sita kilipotoka, Fosia aliwapisha wateja kwanza, na alipogeuka kuchukua yake akakuta kibati kimebaki ukoko tu. Akaukwangua kwa kijiko, akautia mdomoni, akafumba macho.

"Wallahi, mama," alisema. "Na mimi ndiye mwenye nyama!"

Trei ya Ndunda ilikuwa imebaki theluthi nzima. Kijana yule akavua kofia yake nyeupe, akamsogelea Kavindu.

"Mathe, nilikucheka. Pole. Lakini niambie, mimi nimewahi kujaribu hiyo mashine. Zangu zilipaa zote. Zako zinakaaje chini?"

Kavindu alimshika mkono, akaufungua, akakiweka kiganja chake juu ya meza. "Katikati kwanza. Halafu unasukuma nje. Pole pole. Kesho kuja nikuonyeshe na viazi, kwa sababu watu wakiwa wengi hivi sitaweza peke yangu."

Fosia alifungua mkoba, akatoa ufunguo wa chumba, akauweka mkononi mwa Kavindu mbele ya watu wote. Foleni nzima ikapiga makofi. Kavindu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaufumbata ufunguo ule kwa nguvu mpaka ukamwachia alama kiganjani.

"Sasa, mwaitu," Mbula alimnong'oneza, "na Masii?"

"Masii nitaenda Krismasi kuwasalimia," alijibu Kavindu, akijifunga aproni upya. "Siku mbili tu. Niko na kazi."

Naam, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.