Mawe Juu ya Mchanga

Bisheni sasa hivi, kabla sijaanza, nisije nikawaonea. Nasema kuna mtu alifumua ua wake mpya mbele ya wakwe, na wakwe wakampigia makofi. Asiyeamini akae hapa mbele, nimwone uso nikimaliza.

Mtu mmoja huko Muheza alikuwa na binti aliyeposwa, na pia alikuwa na uwanja wenye vumbi. Mtu huyo jina lake Semboja. Binti, Hoza, hakuwa na kasoro; uwanja ndio ulikuwa aibu. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kumchukua bibi harusi, na Semboja aliapa hawatakanyaga vumbi. Akaleta mawe bapa ya mtoni, akayapanga ubavuni mwa nyumba, jiwe kwa jiwe, juu ya mchanga mtupu. Chini ya mchanga, shibiri moja tu, lilipita bomba la maji. Waliolifukia zamani walikuwa na haraka ya kwenda kula.

Jirani yake Kilua, ambaye pia ni mtani wake, akaona hawezi kupitwa. Bomba lilelile lilitoka kwa Semboja likapita chini ya uwanja wake. Kilua akamwaga zege, akapanga mawe juu yake, akaziba kila mwanya kwa saruji. Ua ukang'aa kama sinia la sikukuu. Akasimama katikati, akapiga mguu chini, kisha akamchungulia mwenzake.

"Mtani, huo ni ua, au umeanika maandazi?"

Mtaa mzima ulicheka. Semboja naye alicheka, lakini moyo ulikuwa unamuungua. Na wakwe wakicheka je?

Jumamosi ikafika, wakwe wakafika, mchele ukiwa haujaoshwa. Maji ya mgao, yaliyopotea wiki nzima, yakachagua mchana huohuo kurudi, tena yakarudi kwa vurugu. Mchanga ukaanza kutema maji kati ya mawe, palepale miguuni pa baba mkwe. Jikoni bomba likatoa tone, likanyamaza.

Mkewe akamtazama. Hoza akamtazama. Semboja akavua kanzu, akafunga koki, akamwomba baba mkwe ainue miguu. Akanyanyua mawe matatu kama mtu anayefunua chungu, akachimbua kwa viganja, akauona ufa, akaukaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Akarudisha mchanga, akarudisha mawe, akafungua koki. Maji yakatoka jikoni, ndoo zikajaa, na pilau ilipoiva hakuna aliyeweza kuonyesha ni mawe yapi yaliyonyanyuliwa. Ndipo wakwe wakapiga makofi.

Lakini maji yalisonga mbele mpaka kwa Kilua, nako bomba likapasuka. Yakatafuta pa kutokea, zege likayakatalia, yakaingia chumbani na kulowesha godoro. Kilua akashika nyundo, akaanza kuuvunja ua wake kwa mkono wake mwenyewe. Semboja akafunga tena koki, akavuka na nyundo yake bila kuitwa. Wakiwa wote wawili wamepiga magoti, Kilua akamuuliza alijuaje kwamba mawe hayafai kuzibwa. Semboja akamjibu polepole:

"Mawe ni yangu, mtani. Maji yanapita tu."

Hapo ningeweza kunyamaza, mkaondoka mkimsifu. Ila kuna mahali nimeparuka. Semboja naye alinunua saruji, kabla hajapanga hata jiwe moja. Alinunua mifuko mingi kumzidi Kilua, na yote ikaganda stoo kwa sababu ya paa lililovuja. Siku alipoikuta imekuwa miamba aliipiga teke mpaka ukucha ukang'oka, akamuuliza Mungu kwa nini iwe yeye. Yale maneno ya hekima aliyapata akiwa magotini kwa Kilua, wala si dakika moja kabla.

Nawe, mfuko wako ulioganda stoo, bado unaupiga teke?