Mwanashali na Lango la Kirumbi

Nikisema "Kale!" nyinyi itikieni "Ilikuwa!" Haya, wajukuu zangu: Kale!

Ilikuwa kale hasa, babu wa babu yangu hajaota meno, mji wa Tungwe ukikaa chini ya kilima cha Kirumbi. Watu wakaamua kujenga ngome kule juu. Wakabeba mawe, wakapanda. Wakabeba chokaa, wakapanda. Miaka saba kazi ni kupanda tu! Mkuu wa waashi alikuwa Mwanashali, mjane mwenye viganja vigumu kama gamba la kobe. Mumewe alifukiwa na ukuta wa ngome hiyo hiyo, akafa.

Ngome ilipokwisha, Jumbe Mwinyigogo akahamia na jamaa zake na askari, akafunga lango. Watu wakanung'unika, lakini wafanyeje?

Asubuhi moja wavamizi wakavuka mto. Mji mzima ukakimbilia kilimani, vikongwe mgongoni, watoto kiunoni. Ngo! Ngo! Ngo!

"Jumbe, tufungulie!"

"Chakula chenyewe hakitutoshi sisi," Jumbe akajibu toka juu ya ukuta. "Rudini!"

Warudi wapi, na nyumba zinawaka? Mwanashali alizitazama, moyo ukamwaka kuliko zile nyumba.

"Ukuta nimeujenga mimi," akasema. "Hauwezi kunizuia."

Akazunguka nyuma, penye mfereji wa kutolea maji ya mvua. Akaingia kwa tumbo. Giza, matope mpaka midomoni. Akatambaa, akatambaa, akatambaa, mpaka akaibukia uani.

Askari wa lango akamwelekezea mkuki. Mwanashali akasimama, anachuruzika matope.

"Mwanangu, mama yako yuko nje. Nichome mkuki, au tuinue komeo."

Yule askari akautupa mkuki. Wakainua! Mji ukamiminika ndani, na lango likafungwa mbele ya pua za wavamizi. Siku tisa, wanaume kwa wanawake, wakawavurumishia mawe. Siku ya kumi wavamizi wakaondoka mikono mitupu, na vigelegele vikawasindikiza hadi mtoni!

Jumbe akaja, kilemba mkononi. "Mwanashali, nimekosa."

"Tumekusikia, Jumbe. Sasa shuka ukatusaidie kujenga nyumba. Chokaa ile pale."

Mnacheka? Aliibeba, tena kichwani!

Kwa hiyo, wanangu, ngome ni watu. Mawe yanasaidia tu. Kisa changu kimefika nyumbani: aliyekisikia akitunze, aliyesinzia akamwulize jirani.