Kiganja Juu ya Boriti

Mtu mmoja alikuwa na mama mzee na nyumba isiyokalika kwa baridi. Jina lake Obadia, na nyumba yenyewe ilikuwa Makete, juu milimani, ambako mwezi wa Julai umande huganda majanini ukawa mweupe kama chumvi. Kila jioni mama yake, Bibi Tusekile, aliingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Asubuhi moja walimkuta sakafuni, hajitambui, jiko limepoa kando yake. Alizinduka alipotolewa nje, Mungu ni mwema, lakini Obadia aliapa kuwa mkaa hautaingia tena chumbani mwa mama yake.

Akamwita Edina, fundi wa majiko ya kuni. Wapo waliomcheka kwa kumpa mwanamke kazi ya kupanda juu ya bati. Edina akaanza kazi. Alijenga jiko la matofali juu ya sakafu ya saruji, mbali na kitanda na pazia, akalitia mlango wa chuma. Kisha akapandisha bomba la moshi likapita darini katikati ya mbao, likatokeza juu ya bati na kupita kilele cha paa, upepo usije ukarudisha moshi ndani.

Siku ya kuliwasha, Obadia aliita majirani na kwaya ya kanisa. Moto ukashika, moshi ukatoka juu, chumba kikapata joto. Bibi Tusekile akavua blanketi ambalo hakuwa amelivua tangu Mei, akacheka, na kwaya ikaimba. Obadia akamtafuta fundi apewe sifa zake mbele ya watu. Hakumwona. Aliona ngazi tu, na juu yake mlango wa dari uko wazi.

Edina alikuwa ameketi gizani darini, kati ya mahindi ya mbegu, kiganja amekibandika kwenye boriti iliyo jirani na bomba. "Ongezeni kuni," akasema. Wakaongeza. Akasema tena, wakaongeza tena. Chini watu walianza kutaniana kwamba fundi kapanda kutafuna mbegu za wenyewe. Viazi vikapoa kwenye masinia. Mwishowe akashuka, akasimama mbele yao wote.

"Zimeni moto," akasema. "Boriti inaunguza mkono. Nimekosea kipimo mimi."

Ndugu zangu, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Darini hapaendi mgeni. Angeweza kula viazi, akapigiwa makofi, akaondoka zake, na mbao zile zingeendelea kukauka kimyakimya mwaka wa kwanza na wa pili. Siku ambayo zingeshika moto, watu wangesema ni bahati mbaya, nao wangemzika Bibi Tusekile bila kumtaja fundi.

Obadia aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Akamvuta Edina pembeni. "Mama fundi, si tutakuwa tunawasha moto mdogo tu?"

Edina akamtazama Bibi Tusekile, aliyekuwa bado amenyoosha mikono kwenye jiko. "Baba, huyu akishikwa na baridi ya Julai, atapima kuni?"

Basi wakauzima. Kwaya ikaondoka na minong'ono yake, na kesho yake kijiji kizima kilijua kwamba fundi wa Obadia kaharibu kazi. Siku tatu Edina alibomoa alichokijenga. Aliifupisha boriti na kuifunga kwa mbao za pembeni isilegee, akapanua tundu la dari, akalizungushia bomba bati la pili, na katikati akaacha nafasi tupu. Siku tatu hizo Bibi Tusekile alirudi kuota moto jikoni kwenye mafiga, machozi yakimtiririka, akikohoa. Kila alipokohoa Obadia alimchukia Edina upya. Alimpelekea chai, lakini hakumsemesha.

Siku ya nne hapakuwa na mgeni wala wimbo. Edina alipanda darini, na Obadia mwenyewe akatia kuni. Alitia kwa hasira, akalishindilia jiko kuliko siku ile ya kwanza, kama mtu anayetaka kumfumania mwenzake. Chumba kikawa na joto mpaka Bibi Tusekile akaomba dirisha lifunguliwe. Saa nzima ikapita, ikapita na ya pili, na juu hapakusikika neno.

Hatimaye fundi akashuka, nywele zimejaa vumbi la mahindi. Alikitoa kiganja kile kile, akakiweka shavuni mwa Obadia.

Kilikuwa cha baridi. Obadia, mtu mzima mwenye ndevu zake, akalia.

Jiko hilo linawaka hadi leo, na Bibi Tusekile hulala akiwa amejifunika shuka moja. Kijijini, anayetafuta fundi wa jiko huambiwa amtafute yule aliyebomoa kazi yake mbele ya kwaya.

Nanyi mnaoimbiwa leo, ni nani kati yenu ameshapanda darini kuishika boriti yake?