Kamba ya Mafundo Saba

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni nisipaze sauti. Ilikuwa zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu. Mvua iligoma miaka miwili, watu wakaingia porini kuchimba ndiga. Mnaijua ndiga?

"Kiazi cha porini, Bibi."

Kiazi chenye sumu. Ukikila kabla maji hayajaitoa, misuli inalegea. Kwanza miguu, halafu shingo, mwisho kifua kinasahau kupumua. Basi walikikata vipande, wakavitia kapuni, wakalizamisha kapu mtoni siku saba. Kila siku vipande viligeuzwa mara moja, na aliyegeuza alifunga fundo kwenye kamba ya kapu. Mafundo saba, chakula.

Nalinga alizamisha lake. Mwanawe, Sikudhani, alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Mama, bado?"

"Bado, mwanangu. Vumilia."

Alfajiri Nalinga aligeuza, akafunga. Alfajiri aligeuza, akafunga. Kumbe jirani yake, Somoe, alipita jioni. "Maskini, leo hakuweza kuja," akajisemea. Akageuza, akafunga. Jioni ya pili na ya tatu vilevile, akageuza, akafunga. Hakumwambia mwenzake. Hakutaka kushukuriwa.

Njaa, watoto, inakula hesabu. Nalinga hakujua tena ni siku ya ngapi, aliiamini kamba. Alfajiri ya nne alifunga fundo lake, akahesabu. Saba. Akapika.

"Kula wewe kwanza," alimwambia Sikudhani. "Mimi nitakula kitakachobaki."

Hakikubaki kitu.

Jua lilipopanda, mtoto akasema, "Mama, miguu yangu imelala." Nalinga akaikanda. "Mama, shingo imechoka." Akaiegemeza begani pake. Akangoja neno jingine. Akangoja, akangoja.

Wazee walileta kamba. "Siku nne, mafundo saba. Nani kayafunga?"

Nalinga aliigeuzageuza. Mafundo matatu yalikuwa yamekazwa kwa mkono wa kushoto, na pale kijijini mwenye shoto alikuwa mmoja tu. Somoe alisimama mlangoni, akiutazama mkono wake wa kushoto.

"Yote yangu," akasema Nalinga. Akamsogezea mwenzake nafasi kwenye mkeka, wakalia pamoja.

Tangu hapo, anayegeuza kapu la mwenzake hupita nyumbani kwake na kusema, "Nimekugeuzia." Nanyi mkimsaidia mtu, mwambieni.

Kisa changu nimekizamisha. Atakayekiopoa, akigeuze vizuri.